Kipande Namba Arobaini na Moja

"Za mtoto?" aliniuliza muuza duka wa Kariakoo,
mkono umeshafika kwenye karatasi ya zawadi.
Nikasema, "Zangu."
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu,
akairudisha ile karatasi yenye maputo,
boksi akalitia kwenye mfuko mweusi,
kama wanavyofunga vitu vya aibu.

Nina miaka arobaini na sita.
Mchana nachonga meno ya watu kwenye maabara ya Ilala:
magego, chonge, meno ya mbele ya bwana harusi mmoja
aliyeanguka na bodaboda wiki ya sherehe.
Huko hakuna anayeniita mtoto.
Jioni, kwa kibano kilekile, kwa jicho lilelile,
nakata bawa la ndege kutoka kwenye fremu yake ya plastiki,
na ghafla nimekuwa kichekesho.

Rwegoshora wa mapokezi anasema ni mambo ya wazungu wastaafu,
wenye baridi nje na paka ndani.
Baridi! Aje Tabata mwezi wa pili
aone rangi inavyogoma kukauka.
Shangazi Mwanahawa hasemi kwa sauti. Ananong'ona kwa huruma,
ile huruma inayokuja na kombe kwenye chupa ya maji:
"Mwanangu, ungezaa usingecheza."
Hivi wanaozaa huacha lini kucheza?
Mumewe yuko kwenye bao tangu alasiri mpaka taa ziwake,
wala hajaulizwa na mtu kama kete ni za mtoto.

Wanasema wenye haya ni wanaume, wapweke, wachafu wa kucha.
Kucha zangu safi. Sijazipaka tu,
maana rangi zote za kucha nazinunulia ndege.
Dar nzima sijapata rangi yenyewe,
mpaka nilipogundua Fedha ya Bibi Harusi, namba kumi na mbili,
kwenye saluni ya Nasra: bati la ndege kabisa.
Nasra anadhani nina bwana mpya.
Namwacha adhani.

Nilizaliwa Kipawa,
hakuna aliyewahi kusema nina kipawa.
Ndege zilipita juu ya bati letu
mpaka vikombe vikahama vyenyewe kabatini.
Mama akiongea hukata neno, husubiri ipite,
huliendeleza palepale, kwenye silabi ileile.
Baadaye uwanja ukapanuka, nyumba ikavunjwa.
Mama akahamia Gongo la Mboto, kimya kikamchanganya:
akawa anakata neno, anasubiri,
hakuna kinachopita.

Ninaijenga ile ya panga mbili, ya saa kumi na moja jioni.
Ni mwezi wa tano sasa.
Kimebaki kipande namba arobaini na moja,
tairi la pua, dogo kama punje ya uwele.
Lilichomoka kwenye kibano Jumanne, umeme ulipokatika.
Nikatambaa, tochi ya simu mdomoni,
nikainua mkeka, nikachungulia chini ya friji,
nikawahoji sisimizi.
Ndipo Bi Chausiku mwenye nyumba akasukuma mlango:
mimi kwa magoti gizani,
na juu ya kichwa changu ndege sita
zikining'inia kwa nyuzi za kushonea.
Alirudi kinyumenyume.
Kesho yake bombani nikadaka neno moja tu: "ungo."

Siku nne ndege ikakaa mezani imeinamisha pua, kama inayosujudu.

Jumamosi alfajiri, hodi.
Ufagio mkono mmoja,
mkono wa pili unafungua fundo kwenye pindo la kanga,
pale anapoweka hela ya maziwa.
Katikati ya sarafu, punje nyeusi ya mviringo.
"Nimekiokota mferejini. Ni chako?"
"Changu."
Akakiweka kiganjani mwangu, akafuta vidole ukutani.
"Usiniambie kinafanya kazi gani," akasema,
wala hakuondoka.